Niliwahi kuambukizwa homa ya ini B? HBsAg, anti-HBs na anti-HBc zikilinganishwa

Ukifika maabara ukasema unataka kupima homa ya ini, mara nyingi utatobolewa kidole, tone la damu litawekwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika kumi na tano au ishirini utaambiwa huna. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi kabisa, lakini limejibu swali moja tu: je, leo hii virusi vya homa ya ini B vimo katika damu yako? Halisemi kama viliwahi kuingia vikashindwa. Halisemi kama una kinga. Wengi hutoka pale wakiamini wamejibiwa yote matatu. Matokeo yake mmoja hulipia chanjo isiyomsaidia, mwingine huiacha chanjo ambayo ingemwokoa, na wa tatu huanzishiwa dawa nzito za saratani pasipo daktari wake kujua kwamba ini lake lilishawahi kukaliwa na virusi hivi.

Hapa ninalinganisha vipimo vya damu vinavyotafuta alama za maambukizi yaliyopita, na nimechagua homa ya ini B kwa sababu ni ugonjwa uliomo majumbani mwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya B, na kanda ya Afrika ndiyo iliyobeba asilimia 63 ya maambukizi mapya. Isitoshe, katika ugonjwa huu maabara ikiombwa vizuri inaweza kumtenga aliyeugua na aliyechanjwa, jambo ambalo kwa virusi vingi haliwezekani.

Vipimo vitatu, na kila kimoja na swali lake

Kirusi cha homa ya ini B kina gamba la nje na kiini ndani yake. Ukishika hilo, majina yale ya ajabu kwenye karatasi ya majibu yanaanza kueleweka.

HBsAg ni kipande cha lile gamba la nje. Hii si kingamwili. Ni sehemu ya kirusi chenyewe, ambayo huzalishwa kwa wingi na kumwagika katika damu. Baruch Blumberg aliielezea mwaka 1965, baada ya kingamwili za mgonjwa wa hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) wa New York, aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, kunasa kitu katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Kwa muda kikaitwa antijeni ya Australia, na kazi hiyo ikampatia Blumberg Tuzo ya Nobel mwaka 1976. HBsAg ikiwa chanya, virusi vimo sasa. Ikiendelea kuwa chanya kwa zaidi ya miezi sita, maambukizi yanahesabiwa kuwa sugu.

Anti-HBs, ambayo baadhi ya maabara huiandika HBsAb, ni kingamwili ambazo mwili umetengeneza kupambana na gamba hilo. Hizi ndizo zinazolinda. Kiwango cha 10 mIU/mL na kuendelea huhesabiwa kuwa kinga. Shida yake kwa swali letu ni moja na ni kubwa: chanjo nayo imetengenezwa kwa kipande cha gamba, kwa hiyo aliyechanjwa na aliyepona wote watakuwa na anti-HBs. Kipimo hiki kitakuambia uko salama, ila hakitakuambia ulifikaje hapo.

Anti-HBc, au HBcAb, ni kingamwili dhidi ya kiini, na chanjo haina kiini. Mwenye kingamwili hizi ni yule ambaye mwili wake ulikutana na kirusi kizima. Hazimlindi, na hazisemi kama amepona au bado anaumwa. Zinasema tu kwamba tukio lilitokea. Kwa watu wengi hubaki maisha yote, kama kovu ambalo halimwambii mtazamaji iwapo kidonda kilipona mwaka jana au miaka arobaini iliyopita. Kwa hiyo anayeuliza kama aliwahi kuambukizwa, kipimo chake ni hiki, na hakuna kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Hata hivyo, anti-HBc huuzwa katika sura mbili, na hapa ndipo ninapoona watu wakichanganyikiwa. Ipo anti-HBc ya jumla, inayonasa kingamwili za zamani na za sasa kwa pamoja, na ipo anti-HBc IgM, inayonasa zile za mwanzoni tu. IgM hupanda ugonjwa unapoanza na kwa kawaida hufifia ndani ya miezi sita hivi. Anayetaka kujua ya zamani akipimwa IgM ataambiwa hasi, ataondoka akiamini hakuwahi kuambukizwa, kumbe alichagua kipimo kisichohusika na swali lake. IgM ina kazi kwa mtu aliyegeuka manjano wiki iliyopita. Hata kwake si ushahidi kamili wa maambukizi mapya, kwani mwenye ugonjwa sugu unapomlipukia IgM inaweza kurudi tena.

Vikisomwa pamoja

| HBsAg | anti-HBs | anti-HBc jumla | Maana ya kawaida |
|---|---|---|---|
| hasi | hasi | hasi | Hakuna dalili ya maambukizi wala kinga inayopimika |
| hasi | chanya | hasi | Kinga ya chanjo |
| hasi | chanya | chanya | Uliambukizwa zamani, ukapona |
| chanya | hasi | chanya | Umeambukizwa sasa |
| hasi | hasi | chanya | Inahitaji kuchunguzwa zaidi |

Mstari wa kwanza una mtego kwa vijana. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2001, Tanzania na Uganda mwaka 2002. Aliyezaliwa baada ya hapo huenda alichanjwa akiwa mchanga, na kingamwili zake zikashuka chini ya 10 kadiri alivyokua, ingawa kumbukumbu ya kinga bado imo mwilini. Hasi zote tatu kwa kijana wa miaka ishirini hazithibitishi kwamba hakuchanjwa. Kadi ya kliniki, kama mama aliitunza, ina ushahidi ambao kipimo hiki hakina. Kwa aliyezaliwa kabla ya miaka hiyo na hakuwahi kujilipia chanjo, hasi tatu zina maana iliyonyooka: hajakutana na kirusi, na anahitaji chanjo.

Mstari wa nne pia unataka tahadhari ndogo. Aliyechomwa chanjo siku chache zilizopita anaweza kusoma HBsAg chanya kwa sababu ya chanjo yenyewe, na hali hiyo imewahi kuonekana hadi siku 18 baada ya sindano. Ukitaka kupima, toa damu kabla ya kuchanjwa.

Ila ule wa mwisho ndio unaonifanya nisikubali mtu apimwe anti-HBc peke yake kisha apewe karatasi na kuruhusiwa kwenda. Chanya ya anti-HBc iliyosimama pekee inaweza kuwa na maana nne. Ya kwanza, na huku kwetu ndiyo ya kawaida zaidi, ni kwamba mtu alipona miaka mingi iliyopita na anti-HBs yake imeshuka hadi haionekani. Ya pili ni chanya ya uongo. Ya tatu ni kipindi cha mpito, pale HBsAg imeshatoweka na anti-HBs bado haijatokeza. Hapo ndipo IgM inapokuwa na faida. Ya nne ni maambukizi yaliyojificha, ambapo HBsAg haionekani lakini vinasaba vya kirusi bado vimo, na ni kipimo cha HBV DNA pekee kinachoweza kuvinasa katika damu.

Kati ya hizo nne, uzito wa chanya ya uongo hutegemea ni nani aliyepimwa. Tuchukue kipimo kinachonasa 99 kati ya kila 100 walioambukizwa, na kinachombambikia ugonjwa mtu 1 kati ya kila 100 wasiokuwa nao. Pima watu wazima 1,000 ambao 300 kati yao kweli waliwahi kuambukizwa: utapata chanya 297 za kweli na 7 za uongo. Kisha chukua kipimo kilekile upime vijana 1,000 waliochanjwa utotoni, ambao 10 tu waliwahi kuambukizwa. Sasa chanya za kweli ni takriban 10 na za uongo takriban 10. Mashine haijabadilika, aliyepima hajabadilika, lakini neno "chanya" limepoteza nusu ya thamani yake. Ndiyo maana majibu ya mzee wa miaka sitini na ya mjukuu wake hayasomwi kwa jicho moja.

Kipimo cha haraka, ELISA au mashine kubwa

Ukishajua unachotaka kupima, bado kuna suala la kitapimwa kwa njia gani, na katika hili tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Vipimo vya haraka vya HBsAg ni vizuri. Viko vilivyokaguliwa na kupitishwa na Shirika la Afya Duniani, vinatumia tone la damu ya kidole, na havihitaji umeme. Kwa kazi ya kuwatafuta wenye maambukizi vijijini sioni cha kuvishinda.

Kwa kingamwili hali ni nyingine. Madukani na katika maabara ndogo kuna kaseti za tano kwa moja, zenye vijitepe vitano: HBsAg, HBsAb, HBeAg (kipande kingine cha kirusi), HBeAb (kingamwili dhidi ya kipande hicho) na HBcAb. Bei yake inavutia, na mteja huona kama amepata kila kitu kwa mpigo. Mimi siwezi kuishauri kwa swali la maambukizi yaliyopita, na nina sababu mbili. Kwanza, kijitepe cha HBsAb hakitoi namba. Kinatoa mstari au hakitoi, na mwenye kinga ndogo anaweza kuambiwa hana. Pili, vijitepe viwili vya mwisho kwa kaseti nyingi husomwa kinyume. Kwenye vile vitatu vya mwanzo, mstari wa T (mstari wa kipimo) ukitokea ni chanya. Kwenye HBeAb na HBcAb, mstari wa T ukitokea ni hasi, na ukikosekana ndiyo chanya, kwa sababu kingamwili za mgonjwa hushindania nafasi na zile zilizopakwa kwenye kijitepe. Mtu asiyewahi kuambukizwa ataona mistari miwili imejitokeza huko mwishoni akadhani ameathirika. Aliyeambukizwa ataona patupu akashukuru. Mfanyakazi aliyechoka, mwishoni mwa zamu, naye anaweza kukosea vivyo hivyo. Ukipimwa kwa kaseti hiyo, omba karatasi ya maelekezo iliyokuja nayo na isomwe mbele yako.

ELISA hufanywa kwenye kisahani chenye vishimo 96. Inahitaji damu ya mshipani, mashine ya kusomea rangi, na mtu mwenye mkono uliozoea. Inanasa vizuri na kwa wingi wa sampuli gharama ya kila moja hushuka, ndiyo maana imependwa na vituo vya utafiti na benki za damu. Kwa mgonjwa mmoja mmoja kero yake ni kusubiri, kwani maabara nyingi hungoja sampuli zitoshe kisahani.

Mashine kubwa zinazojiendesha, zinazopima mwanga utokanao na mmenyuko wa kikemia, zimo katika hospitali kubwa na maabara binafsi za mijini. Kwa anti-HBc na kwa anti-HBs yenye namba, hizi ndizo ningechagua pale zinapofikika. Hazimtegemei jicho la mtu, na hutoa jibu siku hiyohiyo. Lakini usilinganishe namba ya mashine moja na ya nyingine. Kwenye Elecsys Anti-HBc ya Roche, namba ya 1.0 kushuka chini ndiyo chanya, kwa kuwa nayo ni ya kushindania nafasi. Kwenye Architect Anti-HBc II ya Abbott, 1.00 kupanda juu ndiyo chanya. Mgonjwa aliyepimwa "0.01" hospitali moja na "8" hospitali nyingine anaweza kuwa amepewa jibu lilelile. Kwa anti-HBc soma neno lililoandikwa na maabara, namba iache. Kwa anti-HBs namba ina maana, na uisome pamoja na kipimio chake.

Nani achague nini

Mwenye fedha ya kipimo kimoja tu, apime HBsAg. Nalisema hilo huku nikijua halijibu swali la zamani. Ugonjwa wenye kuua ini ni ule uliopo sasa, na unatibika kwa kudhibitiwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipanua miongozo yake ili watu wengi zaidi waanzishiwe dawa. Kujua historia yako kunaweza kusubiri mwezi ujao.

Mwenye fedha ya viwili, aongeze anti-HBc jumla. Zote mbili zikiwa hasi, aanze chanjo bila kuchelewa. HBsAg ikiwa hasi na anti-HBc chanya, aongee na daktari, na hapo anti-HBs itakuwa na kazi. Sioni sababu ya kukimbilia anti-HBs mwanzoni kwa mtu wa kawaida, ingawa ndiyo inayopendwa na wanaotaka "kupima kinga". Na aliyechanjwa kumbe alishapona zamani hajajidhuru. Amepoteza fedha tu.

Anayeweza vyote vitatu, avipime kwa pamoja mara moja katika utu uzima. Marekani imelipendekeza hilo kwa kila mtu mzima tangu mwaka 2023, na nadhani nchi yenye maambukizi mengi kama yetu ina sababu kubwa zaidi ya kulitaka. Karatasi hiyo itunzwe. Aliyepona na ana anti-HBs pamoja na anti-HBc hahitaji kurudia kila mwaka.

Muuguzi, daktari wa meno, mfanyakazi wa maabara, na mwenza wa mtu mwenye maambukizi: hawa wanahitaji anti-HBs yenye namba, mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Ikipimwa miaka mitano baadaye ikakutwa chini ya 10, haitajulikana kama chanjo ilikataa au kinga ilishuka tu.

Mtoto wa mama mwenye homa ya ini B asipimwe anti-HBc akiwa mdogo. Kingamwili za mama hupita kondo na zinaweza kuonekana kwa mtoto hadi miezi 24, hivyo chanya yake ingekuwa historia ya mama. Apimwe HBsAg na anti-HBs akiwa na miezi 9 hadi 12, baada ya kumaliza chanjo zake. Mtoto huyu hafai kusahauliwa, maana wanaoambukizwa katika mwaka wa kwanza wa maisha hubaki na ugonjwa sugu kwa asilimia 80 hadi 90, ilhali watu wazima wenye afya njema ni chini ya asilimia 5.

Kundi ninaloliwazia zaidi ni la wanaokwenda kuanza dawa za saratani au za kushusha kinga, hasa rituximab inayotumika kwa limfoma (saratani ya tezi za limfu). Hata baada ya kupona, vinasaba vya kirusi hubaki ndani ya seli za ini. Kinga ikishushwa vinaweza kuamka, na ini likafeli kwa mtu ambaye HBsAg yake ilikuwa hasi siku ya kwanza. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liwekwe kwenye rituximab kwa sababu hii. Kwa mgonjwa huyu anti-HBc si ya hiari. Ndugu wanaomuuguza wana haki ya kuuliza kabla ya dripu ya kwanza: "Daktari, amepimwa anti-HBc?" Ikiwa chanya kuna dawa za kukinga, na matibabu yake ya saratani yanaendelea.

Na wanaochangia damu wasichukulie uchangiaji kuwa kipimo cha historia yao. Katika nchi zenye maambukizi mengi, damu haichujwi kwa anti-HBc kwa kawaida, kwa kuwa wachangiaji wengi mno wangekataliwa; badala yake hupimwa HBsAg. Damu yako kukubaliwa maana yake ni kwamba HBsAg haikuonekana. Hakuna aliyekupima kama uliwahi kuambukizwa.

Homa ya ini C isisomwe kwa kanuni hizi

Watu hupimwa B na C pamoja, kisha husoma majibu yote mawili kwa njia moja. Kingamwili za C, anti-HCV, hazilindi. Chanjo ya C haipo, kwa hiyo chanya haiwezi kutokana na chanjo. Ina maana mtu aliwahi kuambukizwa, au kipimo kimekosea. Kati ya watu 100 walioambukizwa, wapatao 30 huviondoa virusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa, na waliobaki wanaweza kuponywa kabisa kwa vidonge vya wiki chache. Lakini aliyepona, kwa njia yoyote ile, kwa kawaida ataendelea kusoma anti-HCV chanya kwa miaka mingi, na anaweza kuambukizwa tena. Ili kujua kama virusi vipo sasa, kipimo cha kutegemea ni HCV RNA, kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

Hili huwaumiza zaidi wanaopimwa kwa ajili ya safari za kazi, kama wanaokwenda nchi za Ghuba, ambako uchunguzi wa afya hugusa homa ya ini B na C. Aliyewahi kutibiwa C akijua ana safari, aombe kipimo cha RNA mapema, na abebe majibu hayo yakiwa na tarehe na muhuri wa maabara pamoja na karatasi za matibabu yake.